Orodha Haifundishi Lugha

Msomaji wangu kijana, nina ugomvi, na ugomvi wangu si na mtu bali ni na karatasi. Karatasi hiyo waijua. Imepigwa mstari katikati. Upande wa kushoto pameandikwa vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili: "put off", "look after", "give up", "call off", "see through". Upande wa kulia zimeandikwa maana zake. Chini kabisa pana amri: kariri yote, siku ya Jumatatu pana jaribio. Nilipokuwa mwanafunzi niliikariri karatasi hiyo. Nilipokuwa mwalimu niliiandika ubaoni. Leo naishitaki mbele yako, na kwa kuwa mshitakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe, yafaa nianze kwa kukiri kosa langu.

Katika mwaka wa kwanza wa kazi yangu, baada ya kutoka chuo cha ualimu, nilifundisha Kiingereza katika shule moja ya kutwa. Alikuwako katika Kidato cha Nne msichana mmoja mtulivu, ambaye karo yake yote ililipwa kwa fedha za basari. Masomo yalipokaribia kwisha, alitaka kuiandikia kamati ya basari barua ya shukrani. Hakuna aliyemwagiza, ulikuwa moyo wake tu. Alikusudia kusema hivi: kwa miaka minne mmenisaidia mpaka nimevuka. Akaandika kwa Kiingereza: "For four years you have seen through me."

Barua ile ilipita katika chumba cha walimu kabla ya kutumwa. Mwenzetu mmoja aliisoma kwa sauti, na chumba kizima kikaangua kicheko. Maana maneno yale, kwa mtu ajuaye Kiingereza, husema jambo jingine kabisa. Husema: kwa miaka minne mmeitambua hila yangu. Mtoto aliyekuja kushukuru alikuwa amekiri ulaghai ambao hakuufanya. Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nilipogeuka nilimwona amesimama mlangoni, ameshika madaftari ya darasa. Aliyaweka mezani taratibu akaenda zake.

Kesho yake alinijia na daftari lake. Alilifungua mahali alipokuwa amenakili orodha yangu, akaweka kidole juu ya mstari mmoja. Niliona mwandiko wake safi: "see through", na mbele yake maana kwamba ni kumsaidia mtu mpaka mwisho wa jambo gumu. Akaniambia, "Mwalimu, hivi ndivyo ulivyoandika ubaoni." Alisema kweli. Hakukosea hata nukta. Akaniuliza, "Basi kosa langu liko wapi?" Nikamjibu kwamba alipaswa kuandika "seen me through". Akauliza, "Kwa nini?" Hapo nikasema neno ambalo hunionea haya hata leo: "Kwa sababu Kiingereza ndivyo kilivyo. Kariri tu."

Ndugu msomaji, jibu hilo ni jibu la mtu asiyejua. Anayejua sababu huitoa. Asiyeijua hutoa amri. Nami nasema kwamba wengi wetu tunaofundisha, na wengi wenu mnaosoma, tumeridhika kuishi kwa amri mahali ambapo sababu ipo, tena ni nyepesi, tena mtoto aliyezaliwa katika Kiswahili yu karibu nayo kuliko anavyodhani. Hili ndilo nitakalolithibitisha.

Tazama kwanza kile ambacho orodha huficha. Orodha hukupa maana ya kitenzi lakini haikupi mahali pa kumkalisha yule anayetendwa. Katika barua ya yule msichana maana ilikuwa sahihi na maneno yote yalikuwa sahihi. Neno moja tu, "me", lilikaa kiti kisicho chake. Neno hilo la herufi mbili lilihama hatua moja, likamgeuza mwenye shukrani kuwa mdanganyifu. Orodha ingewezaje kumwonya, na orodha haina mtendwa ndani yake? Imeandika kitenzi peke yake, kama nguo iliyotundikwa ukutani bila mtu wa kuivaa.

Wako walimu wenye bidii zaidi, ambao huongeza safu ya tatu katika karatasi. Katika safu hiyo huandika kwamba kitenzi hiki hutengana na kile hakitengani. Hatua hiyo ni njema, lakini haitoshi. Mwanafunzi sasa anakariri vitu vitatu badala ya viwili, na bado hajui kwa nini "put" na "off" waweza kutenganishwa, na "look" na "after" hawatenganishwi kabisa. Tumemwongezea mzigo wala hatukumwongezea nuru.

Sababu yenyewe ni hii. Maneno madogo hayo, kama "off", "up", "after" na "into", hayafanyi kazi moja. Mara nyingine neno dogo huwa kihusishi, na kihusishi kina tabia ya kushika jina lililo mbele yake. Katika "look after the child", neno "after" limemshika mtoto. Mtoto hawezi kuondoka mbele yake na kurudi nyuma, kwa sababu ameshikwa mkono. Kwa hiyo twasema "look after the child", na tukiweka kiwakilishi twasema "look after him". Hatusemi "look him after" hata siku moja.

Mara nyingine neno dogo huwa kama kielezi. Halimshiki mtu yeyote. Kazi yake ni kukamilisha kitenzi, yaani kueleza mwisho au mwelekeo wa tendo. Katika "put off the meeting", neno "off" halikuushika mkutano. Limeungana na "put" ili kuleta maana ya kuahirisha. Kwa kuwa halikushika kitu, mkutano una uhuru wa kukaa baada yake au kabla yake. Twaweza kusema "put off the meeting" na twaweza kusema "put the meeting off". Lakini kiwakilishi, kwa kuwa ni neno jepesi, huvutwa karibu na kitenzi na kukaa katikati: "put it off". Mtu akisema "put off it" amekosa.

Sasa rudi kwenye barua. Katika "seen through me", neno "through" ni kihusishi, nalo limemshika "me". Jicho linapita ndani ya mtu kama linavyopita katika kioo, hakuna kinachofichika. Katika "seen me through", neno "through" halikushika mtu. Laeleza kwamba tendo limefika ng'ambo, kama mtu aliyemsindikiza mwenzake mpaka akavuka mto. Unaona kwamba hapa hapakuwa na kichaa wala ukaidi wa lugha? Palikuwa na neno moja lenye kazi mbili, na kiti cha mtendwa ndicho kinachotujulisha ni kazi ipi.

Hata kitenzi kile kile chaweza kuwa cha namna zote mbili. Mwanafunzi aliyetafuta neno katika kamusi atasema "I looked up the word", na kwa kiwakilishi "I looked it up". Lakini mchungaji aliyeinua macho akatazama kuelekea kilimani atasema "I looked up the hill", na kwa kiwakilishi "I looked up it". Herufi ni zile zile. Orodha iandikayo "look up" mara moja na kuweka alama moja mbele yake imekwisha kudanganya nusu ya wasomaji wake.

Labda utasema, "Mwalimu, mambo haya ni mageni kwangu, Kiswahili hakina vitenzi vya kutengana." La hasha! Hebu tusikilize vinywa vyetu wenyewe.

Ukisema "nilizima kibatari", jina la kitu limekaa nje, baada ya kitenzi. Ukitaka kutolitaja tena jina hilo, wasema "nilikizima". Ile "ki" imekwenda wapi? Imeingia katikati ya kitenzi. Mswahili hasemi "nilizima ki". Sasa weka Kiingereza kando yake: "I put out the lamp", na kisha "I put it out". Jina zima laweza kukaa nje. Kiwakilishi huingia katikati. Mahali pa kuingilia si pale pale hasa, kwa kuwa sisi twakitia kabla ya mzizi wa kitenzi, nao wakitia kati ya kitenzi na neno dogo. Lakini tabia ni moja: kilicho kizito hubaki nje, kilicho chepesi huingia ndani. Umekuwa ukifanya hivyo tangu ulipoanza kusema.

Je, vile visivyotengana? Navyo unavyo. Wasema "nilikutana na mwalimu". Ukitumia kiwakilishi, wasema "nilikutana naye". Husemi "nilimkutana", na ukimsikia mtu akisema hivyo wajua mara moja kwamba amepotoka. Kwa nini? Kwa sababu "na" imemshika mwalimu mkono, nayo haimwachi hata anapogeuka kuwa kiwakilishi; huungana naye ikawa "naye". Hiyo ndiyo "look after him". Basi "zima" ni ndugu wa "put out", na "kutana na" ni ndugu wa "look after". Kanuni mbili ulizoambiwa kwamba ni siri ya Waingereza zimo kinywani mwako tangu utotoni.

Sikudanganyi kwamba Kiswahili kitakuambia kitenzi kipi cha Kiingereza ni cha kundi lipi. Hilo hutalijua ila kwa kusoma na kusikia. Kiswahili chakupa jambo lenye thamani zaidi: chakupa kujua kwamba kanuni ina sababu. Mtu anayejua sababu hujifunza mfano mmoja akaelewa ishirini.

Usidhani tena kwamba ugumu huu ni aibu ya Mwafrika peke yake. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba desturi hii ya kukiongezea kitenzi neno dogo ndiyo iwatiayo wageni taabu kubwa kabisa, naye akajitahidi kuikusanya mifano yake kwa ajili yao. Johnson alikuwa Mwingereza, tena bingwa wa lugha yake, wala hakuwacheka wageni. Jina la "phrasal verbs", ambalo leo mwaliona katika vitabu vyenu, lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925. Kwa hiyo jina ni la juzi, lakini jambo lenyewe ni la kale sana.

Ukale wake waonekana kwa jamaa wa Kiingereza. Kijerumani, ambacho ni lugha ya ukoo huo huo, kina vitenzi vinavyotengana na visivyotengana. Mjerumani ana kitenzi "aufstehen", yaani kuinuka au kuamka. Katika sentensi hukikata, akapeleka "auf" mwisho kabisa: "Ich stehe um sechs Uhr auf", yaani naamka saa kumi na mbili. Lakini "verstehen", yaani kufahamu, hakikatiki kamwe. Kiingereza nacho kimebakiza vitenzi vya zamani ambavyo neno dogo limeganda mbele, kama "overcome" na "withstand". Baadaye desturi ya kuliweka nyuma ikashinda. Mambo haya yana historia, na kitu chenye historia si kichaa.

Sasa nigeuke niwajibu wanaonipinga, maana najua wako.

Wa kwanza ni mwenye kuogopa mtihani. Atasema, "Karatasi ya Pili ya Kiingereza katika KCSE imekuwa ikimtaka mwanafunzi aondoe neno lililopigwa mstari na kuweka kitenzi cha namna hii mahali pake. Asiyekariri orodha atajibu nini?" Namjibu kwamba swali hilo halitolewi katika orodha, hutolewa ndani ya sentensi. Ukiambiwa ubadilishe "They postponed it", na wewe umekariri tu kwamba "postpone" ni "put off", utaandika "They put off it", na alama itakwenda. Tena mtihani una Karatasi ya Tatu, ambamo utaandika insha yako mwenyewe, na huko hakuna atakayekupigia mstari chini ya neno. Aliyejifunza kwa sentensi hufaulu pote pawili. Aliyejifunza kwa orodha hufaulu siku ya Jumatatu, na siku ya Ijumaa amesahau.

Wa pili ni mwenye kupenda maneno makubwa. Huyu husema kwamba vitenzi vya maneno mawili ni lugha ya sokoni, kwamba msomi haandiki "put off" bali "postpone", haandiki "look into" bali "investigate". Hapa pana chembe ya ukweli ndani ya gunia la makapi. Ni kweli kwamba barua ya serikali hupenda neno la Kilatini, na kwamba rafiki kwa rafiki hupenda neno fupi. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa na Kilatini vilitawala mabaraza na makanisa, na maneno mafupi ya Kisaksoni yakabaki jikoni na shambani. Harufu ya jikoni haijawatoka mpaka leo baadhi yao. Lakini si wote! Soma Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kwa Kiingereza. Ibara ya 186 yasema kwamba kazi za serikali ya kitaifa na za serikali za kaunti ni kama zilivyo "set out" katika Jedwali la Nne. Sikiliza lugha ya mahakama: hukumu huwa "set aside", na kesi iliyoletwa vibaya huwa "struck out". Je, majaji nao wasema lugha ya sokoni? Mtu anayekimbia vitenzi hivi ataishia kuandika Kiingereza kilichovimba, chenye maneno mazito na mawazo mepesi. Msomi ni yule ajuaye neno lipi lafaa mahali gani. Si yule anayebeba mazito tu.

Wa tatu ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu ana fimbo. Huyu husema kwamba Kiswahili na lugha za nyumbani huharibu Kiingereza, na kwamba dawa ni kuzinyamazisha. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyoadhibiwa kwa kusema Gĩkũyũ karibu na shule, wakachapwa au wakavikwa kibao shingoni chenye maneno ya kuwafedhehesha. Kibao hicho hakikuzikwa pamoja na ukoloni. Nami niliyezaliwa miaka mingi baada ya uhuru nilikivaa, na pengine hata wewe msomaji umewahi kukiona.

Ni kweli kwamba lugha ya kwanza huacha alama juu ya ya pili. Mkenya husema "I will pick you at six", akaliacha "up", kwa sababu Kiswahili chake husema "nitakuchukua" kwa neno moja tu, wala hakioni upungufu. Mwingine husema "cope up with", na huyu hakuongozwa na Kiswahili hata kidogo. Ameongozwa na Kiingereza chenyewe, kwa kuwa amezisikia "keep up with" na "catch up with", akadhani "cope" nayo ni ya nyumba hiyo. Kila kosa lina njia lililopitia. Mwalimu mwema huifuata njia hiyo mpaka kwenye chanzo, akamwonyesha mwanafunzi mahali alipopotea. Mwenye fimbo hupiga mahali kosa lilipotokea, na chanzo kikabaki palepale. Kama ningalimkataza yule msichana Kiswahili, ningalikuwa nimezima taa ambayo kwayo angeweza kuona.

Lakini ugomvi usio na shauri jema ni makelele. Basi, ikiwa karatasi ile haifai, tufanye nini?

Kwanza, usiandike kitenzi peke yake. Andika sentensi mbili: moja yenye jina, na nyingine yenye kiwakilishi. Andika "She called off the game", na chini yake "She called it off". Andika "He looked into the matter", na chini yake "He looked into it". Sentensi mbili fupi hubeba maana, kiti na sababu kwa pamoja, wala huhitaji safu ya tatu.

Pili, ukitilia shaka, jaribu kuingiza kielezi kabla ya neno dogo. Waweza kusema "He looked carefully into the matter", kwa kuwa "into" imelishika jina lake, na hivyo kitenzi chaweza kuachana nayo kidogo. Huwezi kusema "She called quickly off the game". Jambo hili lashangaza: vile viitwavyo visivyotengana hukubali kielezi katikati, na vile viitwavyo vinavyotengana hukikataa. Unaona sasa kwamba hata majina tuliyopewa yametufumba macho?

Tatu, sikiliza. Mzungumzaji akisema "put it off", sauti yake hukaza juu ya "off". Akisema "look at it", sauti hukaza juu ya "look", na "at" ikapita kimya. Si kila mara, lakini mara nyingi sikio lako litakuambia kabla ya kitabu.

Nne, yako makundi mawili ambayo hayana haja ya kukusumbua. Vitenzi vya maneno matatu, kama "put up with", "look forward to" na "run out of", huishia kwa kihusishi, na kihusishi wakijua: humshika wake. Kwa hiyo sema "put up with it" na "look forward to it". Na vitenzi visivyo na mtendwa, kama "grow up", havina cha kutenganisha. Lakini uwe macho: "the bus broke down" haina mtendwa, na "they broke down the door" inaye, nayo huwa "they broke it down".

Tano, nalo ni kubwa kuliko yote, soma. Haba na haba hujaza kibaba. Gazeti la siku moja lina vitenzi hivi vingi kuliko ubao wangu wa juma zima, na kila kimoja kimekaa kitini pake, kikifanya kazi yake.

Kuhusu yule msichana, ilinichukua majuma mawili kuipata sababu ambayo yeye aliitafuta kwa neno moja la kuuliza. Nilipoipata niliipeleka darasani. Nikaeleza kwamba kosa la barua lilikuwa la ubao wangu, si la daftari lake, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa nilimcheka mbele ya wenzangu. Hakusema kitu. Alichukua kalamu, akaandika barua upya, na safari hii "me" ikakaa mahali pake. Kisha akainua mkono akauliza swali jingine.

Nawe msomaji, siku utakapopewa karatasi yenye mstari katikati na kuambiwa ukariri, ipokee kwa heshima, maana mwalimu wako amejitaabisha kuiandika. Lakini usiiache mikononi mwako ikiwa bubu. Inua mkono, uulize: "Mwalimu, mtendwa atakaa wapi, na kwa nini?" Kuuliza si ujinga. Ikiwa mwalimu anajua, atafurahi kuulizwa. Ikiwa hajui, utakuwa umemtendea wema ule ule niliotendewa mimi.